Sokwe wa Gombe na kikohozi changu

SEHEMU YA 1: Picha ya tumbili



Wiki iliyopita mama mmoja alinitumia picha kisandukuni. Mwanawe wa miaka mitatu amesimama kando ya barabara, anampa tumbili ndizi mkononi. Mtoto anacheka, na tumbili kakodoa macho kwenye ndizi. Mama akaniuliza, "Nesi, kuna shida hapa, au ni mimi tu na wasiwasi wangu?"

Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nikagundua jibu lake ni refu, na ndani yake kuna jambo la kwangu ambalo sijawahi kumwambia mtu. Basi nimeamua kuliandika hapa kwa sehemu sita, mnivumilie.

Wengi mnajua mwenzenu ni mtoto wa Kigoma. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa zahanati ya kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji. Barabara ya maana hakuna. Unapanda boti pale Kibirizi, mnabanana na magunia ya unga, madumu ya mawese, kuku, magodoro na watoto wanaolia. Upande wa kushoto ni maji mpaka Congo. Upande wa kulia ni milima inayoshuka hadi ziwani, na sehemu kubwa imekatwa miti, imebaki nyasi na mashamba. Halafu ghafla milima inakuwa ya kijani iliyokolea, msitu umefunga mabondeni. Hapo ndipo Gombe.

Siku ile ya kwanza nilikaa karibu na mama mmoja mtu mzima aliyempakata mjukuu. Tulipofika usawa wa msitu, zikasikika kelele kutoka juu. Zilianza taratibu, huu, huu, zikapanda mpaka zikawa mayowe. Nikashtuka. Yule mama hata hakugeuza shingo.

"Sokwe hao," akasema. "Wanaitana. Wakishaitana namna hiyo ujue wamepata matunda, au wamemuona mtu."

Nikamuuliza kama huwa anawaogopa.

Akamvuta mjukuu karibu na kifua. "Mwanangu, wewe ni nesi. Ukae hapa kwanza, halafu mwaka ujao uniulize tena."

Nilikaa pale miaka minne. Jibu nililipata, tena kwa njia mbaya kidogo. Kesho tunaendelea.

---

SEHEMU YA 2: Mama aliyekuwa nesi bila cheti

Kabla sijafika kwenye mambo yangu, nianze na hadithi wanayoijua wengi nusu nusu.

Jina la Jane Goodall mmelisikia. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, msichana wa miaka 26, hana digrii. Ndani ya miezi michache akamuona sokwe dume mwenye ndevu za mvi, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka jani la nyasi ndani ya kichuguu na kulitoa limejaa mchwa, kisha anawala. Wengine walivunja vijiti, wakapukuchua majani ndipo wavulie mchwa. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza kifaa ni kazi ya binadamu peke yake. Ikabidi wafikiri upya.

Hiyo inasimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni hii: hakwenda peke yake. Serikali ya kikoloni ilikataa msichana kukaa porini bila mwenzake, akaja na mama yake mzazi, Vanne. Na wakati binti anapanda milima kutafuta sokwe wanaomkimbia, mama alibaki kambini pale ufukweni akafungua kijizahanati. Dawa zake zilikuwa chache: aspirini, bandeji, maji ya chumvi ya kuoshea vidonda. Wavuvi na wake zao walianza kuja, mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Kulikuwa na watu wenye vidonda ndugu vya siku nyingi miguuni, na kwa kuvioshwa kwa uvumilivu tu vikapona.

Mimi niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana nami nilifika kule na kabati lenye vitu vichache vilevile. Na malaria haikuwachagua. Wote wawili, mama na binti, walilala hoi kwenye hema na homa.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu wenyeji wa ziwani walianza kuwaamini wale wageni kwa mlango wa zahanati. Mtu aliyekuoshea kidonda cha mwanao, ukimuona anakaa mlimani siku nzima kuangalia sokwe, unasema haya, kila mtu na kichaa chake. Bila ule ufukwe kuwa na amani, hakuna ambaye angeruhusu yale ya mlimani.

Kesho nitawaambia habari za mama mwingine, huyu sokwe, na kosa nililomfanyia mwanangu.

---

SEHEMU YA 3: Flo, Flint, na kunyima ziwa

Akina mama mnaonyonyesha, hii ni yenu.

Mama sokwe hubeba mimba karibu miezi minane. Akizaa, mtoto hushika manyoya ya tumbo la mama na kuning'inia hapo miezi ya kwanza, baadaye huhamia mgongoni kama sisi na kanga zetu. Hunyonya miaka minne hadi mitano. Kwa hiyo mama huzaa kila baada ya miaka mitano hivi. Hakuna kliniki ya uzazi wa mpango porini, lakini nafasi ipo.

Pale Gombe kulikuwa na mama aliyeitwa Flo. Masikio yamechanika, pua kama kibonge, uzuri hana, ila alikuwa mama kwelikweli: mpole, mchezaji, mvumilivu. Binti yake Fifi alijifunza kulea kwa kumtazama. Lakini Flo alipata mtoto wa kiume, Flint, akiwa ameshazeeka. Wakati wa kumwachisha ziwa ulipofika, Flint aligeuka mkorofi. Anajitupa chini, anapiga mayowe, anampiga mama. Flo hakuwa na nguvu za kushindana naye, akawa anampa. Alipozaliwa mdogo wake, Flame, Flint bado alitaka kubebwa na kulala kitanda kimoja na mama. Flame alitoweka akiwa na miezi sita hivi, wakati mama yake anaumwa, na Flint akarudi kuwa mtoto mchanga.

Flo alikufa mwaka 1972, kando ya kijito. Gazeti la Sunday Times la Uingereza liliandika taarifa ya kifo chake, ndiyo, ya sokwe. Flint alikuwa na miaka minane na nusu. Alikaa karibu na mwili wa mama. Akaacha kula, akajitenga, akaugua. Hakumaliza hata mwezi.

Sasa sikia. Sikuambii hii ili uogope kumnyonyesha mwanao muda mrefu. La! Maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo, halafu na vyakula vingine mpaka miaka miwili au zaidi, ndivyo tunavyoelekeza. Na sokwe si kitabu cha malezi. Nakuambia kwa sababu nilipoisoma hadithi hiyo nilikuwa nimekaa sakafuni, mwanangu yuko mbali, na nililia.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Nilikuwa na zamu za usiku, nimechoka, na kila mtu ananiambia, "Mpeleke kwa bibi yake, wiki mbili tu atasahau ziwa." Mnaijua hiyo. Nikampeleka. Nikaondoka alfajiri akiwa amelala ili asilie.

Bibi akanificha siku tano. Siku ya sita akapiga simu. Mtoto anaharisha, hataki uji, hataki kuchezewa, anakaa mlangoni anaangalia njia. Nilipofika alikuwa ameingia macho. Hakunikimbilia. Aliniangalia tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kuharisha.

Nilimrudisha ziwani, nikampa ORS na vidonge vya zinki, akapona. Nikamwachisha baadaye, taratibu, ziwa moja kwa wiki, mchana kwanza, usiku mwisho, mimi mwenyewe nikiwepo. Ukitaka kumwachisha, fanya hivyo. Usimwondolee ziwa na mama siku moja. Na ukijifungua, jipe angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Njia zipo, njoo kliniki tuongee, mwambie na baba aje.

Kesho ndiyo ile ninayoiogopa kuiandika.

---

SEHEMU YA 4: Kikohozi

Ilikuwa kabla ya korona. Wenzangu wa kazini tulichangishana nauli na viingilio, tukasema haiwezekani tunapita Gombe kila mwezi na hatujawahi kuingia. Siku ikapangwa.

Siku mbili kabla, mafua yakanishika. Si ya kulala, ni yale ya kawaida, pua inachuruzika na kikohozi kinawasha koo. Tulipofika, yule mwongozaji akatuuliza kwa upole: kuna yeyote mgonjwa? Mafua, kikohozi, kuharisha? Kama yupo asipande, sokwe wanaambukizwa.

Wenzangu wakasema hapana. Na mimi nikasema hapana.

Mimi, nesi. Mimi ninayewafokea akina mama wodini wanaomwingiza shangazi mwenye kikohozi akambusu mtoto wa siku mbili. Nilikuwa nimelipa, nimeomba ruhusa, nimevaa viatu vipya. Nikajiambia, mafua tu haya.

Tukapanda. Nusu ya njia nikakohoa. Mwongozaji akageuka. Nikamwambia, "Vumbi." Jamani, msimu wa mvua! Msitu umeloa chepechepe! Akaniangalia kidogo, hakusema neno, tukaendelea.

Tukawakuta bondeni. Mama mmoja amekaa chini ya mti, mtoto wake mdogo anapanda juu ya mguu wake na kuteleza, anapanda na kuteleza, kama watoto wetu kwenye kochi. Mama anamchambua manyoya bila haraka. Halafu mtoto akaanza kuja upande wetu. Mwongozaji akaturudisha nyuma, ila yule mtoto aliendelea, macho yake kwangu. Kikohozi kikanipanda kooni. Nikaziba mdomo kwa kanga, nikakimeza, machozi yananitoka. Mwenzangu akadhani nimeguswa moyo.

Baada ya hapo sikulala vizuri siku nyingi. Nikaanza kusoma, na kila nilichosoma kilinizidishia.

Sokwe na sisi damu ni karibu mno, vinasaba vyetu vinafanana kwa takribani asilimia 98. Kwa hiyo vinavyotushika vinawashika, na wao hawana kinga ya kuvizoea. Mwaka 1966 polio ilizuka Gombe wakati watu wa mkoa wetu wanaugua polio. Sokwe kadhaa walikufa, wengine wakapooza mikono au miguu. Ikabidi wafichiwe matone ya chanjo ndani ya ndizi. Yaani matone yaleyale tunayompa mwanao anapozaliwa na wiki ya 6, ya 10 na ya 14! Ukiona uvivu wa kuleta mtoto chanjo, mkumbuke sokwe mzee aliyeburuza matako chini kwa sababu miguu yote miwili imekufa, na wenzake wanamkimbia. Yule aliitwa McGregor. Mwisho walilazimika kumpumzisha.

Kuna na hili. Katika msitu wa Taï, Ivory Coast, watafiti waliwapima sokwe waliokufa kwa kifua wakakuta virusi vya binadamu, kikiwemo RSV, kile kinachowabana vifua watoto wetu wachanga. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Huko Uganda, kundi la Kanyawara katika hifadhi ya Kibale, mwaka 2013 waliingiliwa na rinovirusi C. Hicho ni kirusi cha mafua tu, mtoto wa chekechea anakuja nacho nyumbani kila mara. Sokwe walikuwa 56. Watano wakafa.

Na njia hii ina pande mbili. Kirusi cha VVU kilichoenea duniani asili yake ni kirusi cha sokwe wa kusini mashariki mwa Cameroon, kilichoingia kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20, na maelezo yanayokubalika ni damu ya mnyama wakati wa kuwinda na kuchinja. Yale mengine mnayosimuliana vijiweni si kweli. Na sokwe wetu wa Gombe sio chanzo chake. Mama mjamzito, kapime. Ukikutwa nacho na ukatumia dawa zako vizuri, uwezekano wa mtoto kuambukizwa unakuwa mdogo sana.

Kitu kimoja kilinituliza kidogo. Mwaka 1987 ugonjwa kama nimonia ulipita Gombe. Mtoto wa miaka mitatu hivi, Mel, akafiwa na mama. Hakuna ndugu mkubwa wa kumlea. Kijana wa kiume wa miaka 12, Spindle, ambaye si ndugu yake wa karibu, akaanza kumbeba mgongoni, anagawana naye chakula, anamlaza kitandani kwake. Spindle mwenyewe alikuwa amempoteza mama katika ugonjwa uleule.

Siku hizi mgeni akienda Gombe anavaa barakoa, anakaa mita kumi mbali, na watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe. Ukiumwa, baki. Mimi sikubaki, na mpaka leo sijui yule mtoto aliyekuwa anateleza kwenye mguu wa mama yake aliamkaje siku iliyofuata.

---

SEHEMU YA 5: "Na watoto wetu nani anawalinda?"

Baada ya sehemu ya jana mmeniandikia mengi. Wengine mmenitetea, asanteni. Mmoja ameandika, "Nesi unalilia sokwe, watu wanakufa." Dada yangu, sikukasiriki. Swali lako niliulizwa ana kwa ana pale zahanati.

Alikuwa mama wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa tatu, miezi minne. Amekuja analia kwamba maziwa yamekata. Nikampima, nikamchunguza matiti, hana homa, hana uvimbe. Nikamuuliza nini kimetokea. Akasema jana yake alikwenda shambani alfajiri, mtoto mgongoni. Shamba lenyewe liko juu, migomba na michikichi, linapakana na pori. Akainama kung'oa magugu, akainua kichwa, sokwe dume yuko kwenye migomba yake, hatua chache tu. Wakaangaliana.

"Sista, nilisahau hata kupiga kelele. Nilirudi kinyumenyume mpaka kwenye njia, jembe nimeliacha. Toka hapo maziwa hayashuki."

Nikamwambia ukweli: maziwa hayajakauka, hofu inayazuia kushuka. Nikamkalisha kwenye mkeka, nikampa chai, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, nikamwacha anyonye ovyo ovyo bila kuangalia saa. Jioni yalishuka. Lakini kabla hajaondoka aliniuliza, "Sokwe wana hifadhi, wana askari, wana daktari wao. Na watoto wetu nani anawalinda?"

Hofu yake ilikuwa na sababu, na hakuna mtu wa ziwani asiyeijua. Mwaka 2002 ndani ya Gombe, sokwe dume aitwaye Frodo alimnyakua mtoto mchanga aliyekuwa amebebwa wakipita msituni, akamuua. Frodo alikuwa mwana wa Fifi. Yaani mjukuu wa Flo, yule mama mpole niliyewasimulia. Sokwe huwinda mbega na kula nyama yao, na Frodo alikuwa mwindaji hodari. Alikuwa amezoea watu kiasi cha kutowaogopa. Huko magharibi mwa Uganda, ambako msitu umebaki vipande vipande katikati ya mashamba, mwaka 2014 mtoto mwingine mdogo aliuawa karibu kabisa na nyumba yao.

Sitaki mtu anisomee mapenzi ya sokwe bila kuyajua haya. Dume mzima ana nguvu kumzidi mwanaume yeyote kijijini kwenu. Yule mwenye sura ya kuchekesha kwenye televisheni ni mtoto.

Ila tuulize pia: alfajiri ile alifuata nini kwenye migomba? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jane Goodall aliruka na ndege juu ya Gombe, akaona hifadhi ni kisiwa kidogo cha kijani, vilima vyote vya jirani vipara. Watu wameongezeka, ardhi imechoka, mti ndio kuni, ndio mkaa, ndio nyumba. Akasema hapa huwezi kuokoa sokwe ukiwaacha akina mama wa vijiji hivi na njaa. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE, wengi wetu Kigoma tunaujua: miche ya miti, mikopo midogo kwa akina mama, ufadhili wa masomo kwa wasichana, elimu ya uzazi wa mpango mlango kwa mlango, vijiji kutenga misitu yao. Nilikuta kina mama waliokuwa wakitembea na vidonge na kondomu kwenye mikoba yao kabla mimi sijamaliza shule. Vilima vingine sasa vimeanza kuota tena. Kazi haijaisha, na yule mama hakulipwa mtu ndizi zake. Namwambia dada aliyeniandikia: swali lako halina jibu zuri mpaka leo, ila jibu lolote litapita kwa yule mama kwanza.

Kwa mnaoishi karibu na pori, shikeni haya. Usilaze mtoto peke yake pembeni ya shamba, hata chini ya kivuli, hata dakika tano. Nendeni wawili au zaidi. Watoto wasitumwe kuwafukuza sokwe wala nyani. Ukikutana naye usikimbie, mkumbatie mtoto mbele yako, rudi kinyumenyume polepole, mpe njia.

---

SEHEMU YA 6: Chausiku

Tumalizie na jambo la kufurahisha, halafu nijibu picha ya tumbili.

Kusini mwa mji wa Kigoma, kule milima ya Mahale, kulikuwa na mama sokwe aliyeitwa Chausiku. Mwaka 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuatilia pamoja na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeujua msitu ule na dawa zake. Chausiku alikuwa mgonjwa. Analala mchana, hachezi na mwanawe Chopin, chakula hataki. Akaenda kwenye kichaka, akavunja tawi, akamenya maganda, akawa anatafuna moyo wa tawi na kufyonza maji yake, makapi anatema. Mzungu akauliza, mti gani huu? Mzee Kalunde akamwambia ni mjonso, ni mchungu sana, ni dawa, na sisi tunautumia kwa tumbo. Kesho yake Chausiku alikuwa anakula na kutembea vizuri.

Mjonso wengi wenu mnaujua, kila kabila lina jina lake na bibi wa kuusifia. Baadaye maabara zilikuta kweli una kemikali zinazopambana na minyoo na vimelea. Nilipenda kwamba aliyeutambua hakuwa profesa, alikuwa mzee wa kijijini, na bila yeye mtafiti angeona sokwe anatafuna kijiti tu.

Lakini msinielewe vibaya! Chausiku alikuwa mtu mzima. Usimchemshie mtoto mchanga mjonso. Ini lake na figo zake bado changa, na kipimo hukijui. Mtoto anayekohoa na kupumua harakaharaka, kifua kinabonyea ndani, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, au amepata degedege: hapo hakuna mti, ni kituo cha afya, sasa hivi, hata usiku.

Haya, mama wa picha. Jibu lako ni hili. Ndiyo, kuna shida. Usimlaumu mtoto, furaha yake ni halali. Mnyama wa porini atazamwe kwa mbali. Chakula cha mkononi kinamfundisha tumbili kutuona sisi ni sahani, na siku hana ndizi atang'ata. Akimng'ata au kumkwaruza mtoto, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usifunge, nenda hospitali mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Na mafua ya mwanao nayo usiyapeleke kwake.

Juzi, nilipokuwa naandika ile sehemu ya nne, mwanangu alinikuta. Yule niliyempeleka kwa bibi, sasa yuko kidato cha pili, miguu mirefu imejaa kochi zima. Akasoma begani kwangu, akanyamaza, halafu akauliza, "Mama, kwa hiyo yule mtoto wa sokwe alikohoa?"

Nikamwambia sijui.

"Si ungeuliza?"

Nikamwambia kuuliza kungekuwa kukiri, na mwenzenu wakati ule sikuwa na ujasiri huo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi andika hivyohivyo." Ndiyo nimeandika.

Leo jioni shangazi akija na kikohozi chake kumuona mtoto mchanga, mwambie akae mlangoni kwanza, mpe kiti, mpe chai, msalimiane kwa mbali. Akinuna, mwambie nesi ndiye kasema. Lawama nitabeba mimi, nina deni.

Maswali yenu wekeni hapo chini, kesho nina mapumziko, nitajibu moja moja. Wasalimieni watoto.

Nesi wenu.